Mausi iligoma kusoma siku ya kukabidhi ripoti

Nina steshenari ndogo Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Kompyuta yangu ni ya mezani, Pentium 4 yenye Windows XP, na ndiyo inayolipa kodi ya fremu. Julai iliyopita, wanafunzi wakiwa kwenye ripoti za utafiti, niliiwasha asubuhi nikasukuma mausi, kwenye kioo hakuna kilichosogea. Nikaigeuza: kile kitaa chekundu cha chini hakiwaki.

Jana yake jioni nilikuwa nimevuta meza nifute vumbi. Upepo wa kiangazi wa Dodoma tunaujua, ukifuta saa nne, saa sita unaweza kuandika jina lako juu ya sipiyu.

Dada mmoja alikuwa ameshakaa na flashi yake, anatakiwa akabidhi kabla ya saa sita. Nikamwambia, "Subiri mdogo wangu, itatoka." Nilifungua faili kwa kitufe cha Windows, vishale na Enter, nikaprinti kwa Control na P. Palipohitaji mshale nilibonyeza Alt na Shift za kushoto pamoja na Num Lock, halafu namba za pembeni zikausogeza. Inachosha, ila ripoti ilitoka na akawahi.

Mchana nikanunua mausi mpya ya USB. Sipiyu yangu ina matundu 2 tu ya USB, moja la printa na jingine la flashi za wateja, kwa hiyo muuzaji akaniongezea kiungio cha kijani ili niichomeke kwenye lile tundu la duara la mausi ya zamani. Haikusoma. Nikaichomoa kwenye kiungio na kuichomeka tundu la flashi, ikasoma papo hapo! Baadaye ndipo nilielewa kwamba kiungio kile kinabadilisha umbo la plagi tu. Tundu la duara, PS/2, limetokana na kompyuta za IBM za mwaka 1987 na lina lugha yake. Mausi ya USB isiyotengenezwa kuijua lugha hiyo haisomi hata ukiweka viungio vitatu. Iliniuma, maana nilikuwa nimemuuliza muuzaji kabla ya kulipa.

Nikarudi kwa mausi yangu ya zamani. Nilihakikisha kwanza sikubadilisha matundu, kwa kuwa la zambarau ni la kibodi na la kijani ni la mausi. Kisha nikamulika plagi kwa tochi ya simu. Pini 6, moja imelala kabisa, imeegemea kile kipande cha plastiki cha katikati. Bila shaka niliibana wakati wa kurudisha meza. Na kwa kuwa kitaa hakikuwaka, nikajua ndiyo pini ya umeme.

Koleo ingeivunja. Nilichukua peni iliyokwisha, nikang'oa ncha ya mrija wa wino, nikauvisha mrija juu ya pini na kuiinua kidogokidogo, huku nikiilinganisha na wenzake. Ilinichukua kama dakika 10, na pumzi nimeibana.

Nikachomeka, kitaa kikawaka! Nikasukuma: kimya. Hapo karibu nikate tamaa. Lakini kitaa kuwaka maana yake umeme unafika, kwa hiyo kasoro haikuwa tena kwenye ile pini. Nilikuwa nimeichomeka kompyuta ikiwa inawaka, na PS/2 haifanyi kazi kama USB. Kompyuta huitafuta mausi wakati inawashwa, ikiikosa basi. Tena kuchomeka hivyo kunaweza kuunguza fyuzi ndogo iliyo kwenye bodi. Nikazima, nikasubiri kidogo, nikawasha. Mshale ukatembea.

Mausi mpya iko kwenye droo kama akiba. Pembeni ya tundu la kijani nimeandika kwa maka pen: ZIMA KWANZA.