Upande wa kulia wa Baba

Nyumbani kwetu Hombolo tulilijua jambo hili kabla hata ya kujua kusoma: ukitaka kuongea na Baba, pita upande wa kulia. Sikio la kushoto lilifia Uganda. Kikosi chake kilikaa karibu na saba saba, ile mizinga ya roketi ambayo askari wa Amin waliiogopa kuliko kitu chochote.

Aliingia JWTZ mwaka 1976 akitoka kuchunga ng'ombe. Miaka miwili baadaye Amin akavamia Kagera. Katika vita vile Baba alisimulia safari tu: treni mpaka Mwanza, meli mpaka Bukoba, daraja la Kyaka limeshavunjwa, na mvua ambayo Mgogo hajapata kuiona kwao. Kampala ilipotekwa, Aprili 11, 1979, alikuwa amelala chini ya lori kwa uchovu. Tukimbana atuambie aliua wangapi, ananyanyuka kwenda kunywesha mbuzi.

Baada ya vita akahamia polisi. Kondoa, Mpwapwa, Dodoma mjini, akastaafu na usajenti wake.

Nilikuwa darasa la nne, Mpwapwa, siku ya mnada. Kijana kakamatwa na mbuzi asiye wake, watu wamemzunguka na mawe, mmoja keshaleta tairi. Baba hakuwa zamu. Alikuwa na shati la nyumbani, anakokota baiskeli, mimi nyuma. Akapenya, akailaza baiskeli mbele ya yule kijana, akasimama.

"Mbukwenyi!" akasalimia.

Kwetu salamu haiachwi chini. Wakaitika, mawe mikononi.

"Huyu ana kituo, ana mahakama. Mimi maiti nimeona za kutosha."

Ndiyo mara pekee niliyomsikia akiigusa vita mbele za watu. Kutoka kushoto mama mmoja akapiga kelele, "Afande, jiwe!" Kila mtu alimsikia isipokuwa yeye. Likampata juu ya lile sikio bovu. Damu ikashuka mpaka kwenye kola na wala hakuipangusa. Alimshika kijana kiganja, akaniambia nilete baiskeli. Watu wakapisha. Nililia njia nzima hadi kituoni, nikisukuma baiskeli iliyonizidi kimo. Nilikuwa kushoto kwake, hakunisikia.

Lile kovu nililigusa tena wiki iliyopita, tulipokuwa tukimwandaa.

Walikuja wazee wenzake wa vita, wamevaa nishani, na askari waliopata kufanya kazi chini yake. Viti havikutosha, watu wakakaa chini ya mbuyu. Zamu ya kuaga ilipofika, foleni ilipita kushoto mwa jeneza, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na nafasi. Mama alipofika hakusimama hapo. Akashika ukingo wa jeneza, akazunguka taratibu mpaka kulia, akainama, ndipo akaanza kumwambia.