Ndago ya North Carolina inayohitaji moto

Mkulima wa kwetu akisikia neno ndago hukumbuka jembe, kwa kuwa ndago ya shambani hulimwa leo na baada ya siku chache imechipua tena. Hata hivyo, jamii hiyo hiyo ya mimea ina ndugu walio karibu kutoweka. Mmojawao ni Carex lutea, ambayo haijulikani kuota popote duniani isipokuwa katika kaunti za Pender na Onslow, jimbo la North Carolina, Marekani. Mtaalamu wa mimea Richard LeBlond aliikuta mwaka 1991, na jina lake la kisayansi likatangazwa mwaka 1994.

Kuchelewa kwake kugunduliwa hakunishangazi. Kwa sehemu kubwa ya mwaka mmea huu ni majani membamba tu miongoni mwa majani mengine, na bua lake lenye pembe tatu humjulisha mtazamaji jamii bila kumjulisha spishi. Hutambulika unapozaa, takriban kati ya Aprili na Juni: suke la juu kabisa ni la kiume, yaliyo chini yake ni ya kike, na kila tunda limo ndani ya kifuko cha manjano chenye mdomo uliopinda kwa nje. Vifuko vikishapukutika, hata mjuzi husita. Kwa hiyo anayekagua kiwanja kabla ya ujenzi kuanza sharti afike ndani ya majuma hayo machache, la sivyo ataandika kwamba hakuna kitu.

Makazi yake ni savana zenye unyevu mwingi na misonobari iliyotawanyika, mahali ambapo mawe ya chokaa yaliyo chini hupunguza asidi ya udongo. Moto usipopita, vichaka husongamana na kuinyima jua, ndiyo maana wahifadhi huzichoma savana hizo kwa mpango, kazi ambayo wenzao wa mbuga za Tanzania wanaifahamu vyema.

Mwaka 2002 serikali ya shirikisho iliiorodhesha kuwa spishi iliyo hatarini, chini ya sheria ya Marekani ya kulinda spishi za namna hiyo. Sheria hiyo, tofauti na inavyowalinda wanyama, haimzuii mwenye shamba kuing'oa katika ardhi yake mwenyewe, madhali mradi wake hauhusishi fedha wala kibali cha shirikisho. Kutenga ardhi, kama jimbo lilivyofanya Sandy Run Savannas, kuna nguvu zaidi. Lakini mtaro uliochimbwa kwa jirani unaweza kushusha maji ya chini na kuikausha savana iliyo ndani ya hifadhi, na kwa maoni yangu makubaliano kuhusu mitaro hiyo yangetangulia uzio wowote.