Jinsi nilivyoizunguka Dar es Salaam hadi nikapanga Magomeni

Nilipohamishiwa kazi Dar es Salaam kutoka Iringa, kila niliyemwomba ushauri wa mahali pa kupanga alinitajia mtaa anaoishi yeye. Wa Tabata alisifu Tabata, wa Mbezi Beach akasema kwingine kote ni joto tu, na mjomba wangu wa Temeke akashangaa kwa nini ninauliza wakati chumba kipo kwake. Kwa kuwa ofisi yangu ilikuwa Posta, katikati ya jiji, na mshahara wangu haukuwa wa Masaki, nilifikia kwa mjomba na kuanza kuyakagua maeneo mwenyewe, jioni watu wanaporudi kutoka kazini, na tena mvua ikishanyesha.

Nilichojifunza mapema ni kwamba mitaa ya jiji hili haikuzuka tu. Utawala wa Wajerumani, na baadaye wa Waingereza, uliugawa mji kwa rangi za watu, yaani Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na Uswahilini kuanzia Kariakoo, huku eneo la Mnazi Mmoja likiachwa wazi kuwa mpaka kati ya Uhindini na Kariakoo. Ubaguzi ule ulikwisha, lakini viwanja vilibaki na ukubwa wake, na kwa maoni yangu ukubwa wa kiwanja ndio unaoamua kama jirani atakufahamu au la. Oysterbay na Masaki kuna upepo mzuri na miti mikubwa, ila kila nyumba imejificha nyuma ya ukuta, na jioni niliyopita huko niliosalimiana nao ni walinzi wa getini peke yao.

Upanga ningeichukua bila kufikiri mara mbili. Ina kivuli, ina ghorofa za wastani, na mtu wa Posta anaweza kwenda kazini kwa miguu. Tatizo ni kupata nafasi. Sheria ya mwaka 1971 ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na nyumba nyingi za Upanga na katikati ya mji zikaangukia kwa Msajili wa Majumba, ambazo baadaye zilihamia Shirika la Nyumba la Taifa. Nilikutana na wapangaji waliozaliwa humohumo walimopanga wazazi wao, na ni wazi kwamba watu wa namna hiyo hawaachi nyumba kwa sababu mgeni ametoka Iringa.

Sinza nayo ina asili yake. Ilipimwa katika miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja na huduma uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, hivyo barabara za ndani zimenyooka, viwanja si vikubwa, na wenye nyumba wengi wamejenga vyumba vya kupangisha uani. Chakula kinapatikana hadi usiku wa manane, na kuanzia Mori hadi Kwa Remmy huwezi kukosa usafiri. Chumba nilichoonyeshwa kilikuwa kizuri na chenye choo cha ndani, lakini kilipakana na baa, na dalali akanihakikishia kwamba muziki huzimwa saa nne. Nilirudi Jumamosi saa sita usiku, nikakuta dirisha la chumba kile linatetemeka kwa besi. Anayependa uchangamfu hatapata mahali pazuri kuliko Sinza; mimi huamka alfajiri.

Kigamboni, ng'ambo ya mlango wa bandari, niliipenda kwa nafasi na upepo, ila tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2016 hadi leo safari ya kuvuka kila asubuhi, iwe kwa daraja au kwa pantoni, haijawa jambo dogo.

Hivyo nikaangukia Magomeni, ambako nyumba za Kiswahili bado zipo, zenye korido katikati, vyumba kulia na kushoto, na uani nyuma wenye jiko, bomba na kamba za nguo. Ni mtaa wenye historia: Mwalimu Nyerere aliishi hapa wakati wa harakati za uhuru, na nyumba yake sasa ni makumbusho. Hofu yangu ilikuwa bonde la Msimbazi, kwa sababu Jangwani inapofurika Barabara ya Morogoro hufungwa na mabasi ya mwendokasi hayavuki kwenda mjini. Nilikwenda baada ya mvua kubwa, nikaanzia kituo cha Mapipa kuelekea kile cha Usalama nikitazama kuta. Karibu na bonde niliona mstari wa tope uliokauka usawa wa goti, na mama mmoja aliyekuwa akikaanga vitumbua akaniambia, "Mwanangu, panda juu kidogo, huku maji yanatujua kwa majina." Nikapanda.

Mwenye nyumba niliyemkuta huko juu alikuwa bibi wa makamo, ambaye baada ya kuitikia shikamoo yangu hakutaja fedha hata kidogo. Aliniuliza nimetoka kwa nani, ninasali wapi, na wageni wangu huondoka saa ngapi. Ndipo tukaingia kwenye kodi: yeye alitaka ya mwaka mzima, mimi nilikuwa na ya miezi sita, tukakubaliana sita, huku dalali akichukua kodi ya mwezi mmoja kama ilivyo desturi. Nilipeleka barua ya utambulisho serikali ya mtaa, nikapangiwa zamu ya kufagia uani. Mita ya Luku, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ni moja kwa nyumba nzima, hivyo kila mwisho wa wiki tunachanga, mwenye friji akitoa zaidi. Mimi sina friji. Maji ya baridi nanunua kwake, na bei yake inazingatia kwamba umeme tulichanga wote.