Siku mama aliponipeleka wodini

Mwaka 2016 nilikua darasa la tano, mdogo wangu ana miaka sita, kalazwa Muhimbili na saratani ya damu. Watu wengi Dar wakisikia saratani wanawaza hospitali ya saratani ya Ocean Road tu, ila yeye alilazwa Muhimbili kwenye wodi ya watoto. Mama akahamia huko, baba anahangaika na hela, mimi nikabaki kwa bibi Mbagala. Nakula, sare zimefuliwa, yaani kwa macho ya watu sina shida yoyote. Mgeni akija swali ni lilelile, mgonjwa anaendeleaje.

Tumbo likaanza kuuma. Kila asubuhi kabla ya shule, najikunja kabisa. Zahanati malaria hamna, taifodi hamna, choo hakina kitu, watu wakaanza kusema huyu anadeka tu.

Siku moja mama kaja kuchukua nguo akanikuta nimelala, akanirudisha zahanati. Daktari alikua mzee mpole, hata hajagusa tumbo akaniuliza nyumbani mnaishi wangapi. Nikasema mimi na bibi. Na wengine wako wapi? Hapo nikalia, nikalia mpaka nikashindwa kujibu, na mama nae akaanza. Mzee akasubiri, alafu akamwambia mama kama hali ya mgonjwa inaruhusu mpelekeni dada yake akamuone, na muombe manesi waongee nae.

Mama alisita maana aliogopa nitatishika, ila tukaenda, daladala ya Kariakoo alafu nyingine ya Muhimbili. Mlangoni sista akaniuliza, una mafua? Unakohoa? Darasani kwenu kuna mtoto ana tetekuwanga? Akanieleza dawa anazopewa mdogo wangu zinamshushia kinga, mafua yangu ya kawaida yeye yanaweza kumlaza hoi, ndo maana wanakua waangalifu na watoto wanaokuja kuona wagonjwa. Akaninawisha mikono. Miezi yote ile mimi nilijua tu sitakiwi kule.

Akaniuliza, mama, una swali lolote? Nikamvuta sista pembeni ili mama yangu asisikie, nikamuuliza kama ni mimi niliyemuambukiza, maana tulikua tunakula sahani moja na kulala kitanda kimoja, na kuna siku nilimsukuma uani akaanguka, siku chache baadae homa zikaanza. Sista akachuchumaa tukawa tunatazamana. "Saratani haiambukizi mwanangu. Haiji kwa kula pamoja, haiji kwa kusukumwa. Imeanzia kwenye uboho, ndani ya mifupa, huko damu inakotengenezwa. Hujamfanyia kitu." Akarudia mara ya pili, taratibu, na nampenda mpaka leo kwa kurudia kule.

Mdogo wangu hana nywele, mashavu yamejaa, sista alishaniambia ni dawa. Cha kwanza akaniuliza nimemletea nini! Tukachora magari kwenye daftari langu, akanigombeza kwamba matairi yangu mabaya. Pembeni ya kitanda nikaona kiti cha plastiki na khanga ya mama imekunjwa, kumbe ndo kitanda chake usiku. Na mimi nilikua namuonea wivu mdogo wangu nikijua anamfaidi mama peke yake.

Tukiwa kituoni tunasubiri gari mama akaniuliza kuhusu shule, nikamwambia Hisabati nimefeli na sijamwambia mtu. Hakunigombeza. Matibabu yenyewe aliambiwa yanaweza kwenda miaka 2 mpaka 3, akaona hatuwezi kuishi vile muda wote huo, akampigia shangazi palepale wapokezane, shangazi alale wodini Jumamosi.

Tumbo halikuacha siku ileile, liliendelea kuniuma mara mojamoja. Ila Jumamosi ya kwanza mama alikuja kweli, akataka kujua nakaa na nani darasani, nani kaninyang'anya rula, mwalimu gani mkali, na mimi nikamwaga yote, bibi anatuambia tulale na hakuna anayemsikiliza.