Dawa inatokea wapi? Swali la sista mmoja ambalo halijaniacha

Nilipoanza kazi wodi ya magonjwa ya ndani nilikuwa nazijua zile haki tano za kumpa mgonjwa dawa kama naimba, mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, muda sahihi, ukiniamsha usiku wa manane nakutajia bila kukosea hata moja, na nilijiona muuguzi kamili kabisa. Sasa pale wodini kulikuwa na sista mmoja wa siku nyingi, mtu wa maneno machache, ana katabia kake. Uko kwenye troli unaandaa dawa, anapita, anaweka kiganja juu ya chati yako anaifunika, alafu anakuuliza maswali matatu. Inaingilia wapi? Inaenda kufanya nini? Inatokea wapi?

La kwanza kila mtu anajibu. La pili ukiwa umesoma kidogo unajibu. La tatu ndo lilikuwa linatumaliza. Siku ya kwanza mi nilimjibu "inatokea famasi" nikacheka peke yangu, yeye hata tabasamu hakutoa. Alikuwa anauliza inatoka mwilini kwa mlango gani, figo au ini au wapi, na huyu mgonjwa uliyemsimamia mbele yako huo mlango wake uko wazi au umefungwa.

Nilichukulia ni usumbufu wa wakubwa tu mpaka nilipofika mwezi wa tatu hivi, nikakutana na mzee mmoja ambaye simsahau.

Mzee aliingia na moyo uliochoka, miguu imevimba mpaka magotini, usiku halali chali, analala amekaa na mito mitatu mgongoni. Kwa asiyejua, moyo ukishindwa kusukuma vizuri damu inapanga foleni nyuma yake, presha inapanda kwenye mishipa, maji yanapenya nje, yakipenya kwenye mapafu mtu anahema kama kakimbia, yakishuka chini miguu inajaa. Akaanzishiwa furosemaidi ya kumkojoza, na digoksini ya kuupa moyo nguvu na kuutuliza mapigo maana yalikuwa hayana mpangilio. Kila asubuhi tunampima uzito, mzani ule ule, kabla hajanywa chai, sababu kilo moja iliyopotea kwa haraka hivyo si mafuta, ni lita moja ya maji. Uzito ukashuka vizuri tu, miguu ikanywea, mzee akaanza kutania manesi, sisi raha.

Siku ya sita akasusa kula. Anasema chakula kinamchefua. Mi nikaandika kwenye ripoti "anakula kidogo" nikaendelea na safari zangu, yaani hiyo sentensi tunaiandika mpaka imekufa, kila mgonjwa anakula kidogo, hakuna anayeisoma. Siku ya saba akaniuliza nani kabadilisha taa, mbona taa ya leo ya njano. Nikacheka, nikamwambia mzee taa ni ile ile, nikaanza kumhesabia vidonge vyake mkononi.

Kile kiganja kikatua juu ya chati.

Sista alikuwa amesikia habari ya taa. Hakuniambia kitu, akachukua stetoskopu akaiweka kifuani kwa mzee akaangalia saa, dakika nzima, sio zile sekunde kumi na tano unazidisha mara nne. Arobaini na nane. Akavirudisha vidonge kwenye kopo, digoksini haitolewi, akaniambia nenda kamwite daktari na umwambie mapigo, kichefuchefu na taa ya njano, vyote vitatu kwa pamoja usimwambie kimoja kimoja. Damu ikapimwa, potasiamu, ile chumvi ya damu ambayo moyo unaitegemea, 2.9 wakati inatakiwa walau 3.5, na kreatinini, taka ambayo figo ndo zinaisafisha, imepanda, figo zimechoka.

Jioni yake ndo akanikalisha kunielewesha na mpaka leo nikimfundisha mwanafunzi namwelezea vile vile. Furosemaidi ikimkojoza mtu haitoi maji matupu, inaondoka na potasiamu pia. Sasa digoksini na potasiamu wanagombania kiti kimoja kwenye pampu ya seli za moyo, potasiamu akipungua digoksini anajikalia kwa raha zake, sumu inaanza hata kama dozi haijaongezwa hata kidogo. Hilo moja. La pili, digoksini mlango wake mkubwa wa kutokea ni figo. Figo zikiwa nzima nusu ya dawa inakuwa imeondoka ndani ya siku moja na nusu hivi, figo zikifeli kabisa inaweza kuchukua siku nne au tano. Kwa hiyo kila asubuhi mi nilikuwa naongeza ya leo juu ya ya jana na ya juzi ambazo bado ziko ndani. Na haki zote tano nilikuwa nimezitimiza! Mgonjwa ndo yeye, dawa ndo yenyewe, dozi ile ile, mdomoni, saa mbili kamili asubuhi. Tiki, tiki, tiki.

Na hiyo taa ya njano si kitu kipya jamani. Dawa za jamii hii asili yake ni mmea, na daktari mmoja wa Uingereza, William Withering, aliuandikia mwaka 1785, akataja wazi kwamba ukizidi mtu anatapika, mapigo yanapungua, na anaona vitu vya kijani au vya njano. Zaidi ya miaka mia mbili iliyopita! Mi nimeambiwa na mgonjwa mwenyewe kwa mdomo wake nikacheka.

Tangu hapo nikaacha kukariri ile misululu ya madhara ya dawa, maana kusema kweli ukifungua kitabu kila dawa inaanza na kichefuchefu, kuumwa kichwa, kizunguzungu, unakariri thelathini na hakuna hata moja inayokusaidia ukiwa kitandani kwa mgonjwa. Ukijua ugonjwa unafanya nini mwilini na dawa inapita njia gani, madhara mengi utayakisia mwenyewe kabla hujayasoma.

Chukua magnesiamu salfeti ya mama mwenye kifafa cha mimba. Wanafunzi wanaambiwa kabla ya dozi inayofuata pima upumuaji usiwe chini ya 16 kwa dakika, gonga goti uone mguu unaruka, angalia mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa, basi wanavikariri kama amri tatu zisizojuana. Lakini ni hadithi moja tu. Magnesiamu inalegeza mishipa ya fahamu na misuli, ndo maana degedege linatulia. Ikizidi inaendelea kulegeza, kwanza goti linaacha kuruka, baadaye misuli ya kupumulia nayo inalegea. Goti linakupigia kengele kabla ya pumzi. Na mkojo? Mkojo ndo mlango wenyewe, magnesiamu inatokea kwenye figo, na kifafa cha mimba chenyewe ni ugonjwa unaozipiga figo. Mfuko wa mkojo ukikaa mtupu kwa muda wa saa nne ujue dawa imefungiwa ndani. Kalsiamu glukoneti, ndo dawa ya kuizima magnesiamu ikizidi, iwe imeshawekwa pembeni ya kitanda, sio uanze kuulizia ufunguo wa kabati.

Sukari ndo inadanganya watu zaidi. Kuna mama alikuwa na kisukari cha miaka mingi, anatumia glibenklamidi, vidonge vya kushusha sukari, ghafla sukari yake ikaanza kushuka vizuri bila hata kubadilisha dawa, ndugu wanafurahi, yeye anafurahi, mpaka na sisi tukampongeza. Kumbe figo zinaenda. Sehemu ya insulini inasafishwa na figo, na mabaki ya glibenklamidi ambayo bado yana nguvu yanatokea huko huko, zikifeli vyote vinabaki kwenye damu vinaendelea kufanya kazi. Akaletwa hajitambui, sukari 1.8. Akapewa dripu ya dekstrosi, yaani sukari, akafumbua macho ndani ya dakika chache, akaomba maji, na hapa ndo pabaya, maana kila mtu akapumua akaondoka. Mi nilibaki napima kila saa na mwenzangu wa shifti ananicheka, ananiambia we unapenda kutoboa watu vidole. Saa ya tatu ikawa 2.6. Dawa ilikuwa bado imo, dekstrosi ndo ilikuwa imeisha. Mgonjwa wa namna hii anakaa kwenye uangalizi siku nzima na zaidi.

Na kama huyo mama angekuwa anatumia na propranolo ya presha ingekuwa balaa zaidi, hiyo inazima kutetemeka na mapigo kwenda mbio ambazo ndo dalili tunazozisubiri za sukari kushuka. Kinachobaki ni jasho. Mgonjwa wa hivyo ukimkuta kalowa jasho na shuka limelowa usimfungulie dirisha, mtoboe kidole.

Upande wa pili, sukari ikiwa juu mno na mtu ana asidi kwenye damu, potasiamu kwenye karatasi ya maabara inaweza kusoma kawaida au hata juu, ukaridhika. Mwili wenyewe umeshapoteza potasiamu nyingi kwenye mkojo na matapishi, ila iliyobaki imetoka ndani ya seli imehamia kwenye damu, ndo inayoonekana. Ukimwaga insulini, potasiamu inakimbilia ndani ya seli na ile namba nzuri inaporomoka, moyo unaweza kusimama. Ndo maana potasiamu ikianza ikiwa chini kabisa insulini inasubirishwa kwanza. Nilishawahi kuambiwa "we muuguzi unataka kumpangia daktari?" kisa niliuliza majibu ya potasiamu kabla ya kufungua insulini. Sikumpangia, nilimuuliza. Majibu yalikuwa hayajatoka, tukayasubiri, na huyo daktari siku hizi ananiuliza yeye mwenyewe kabla sijafungua mdomo, sijui kama anakumbuka.

Msemo wa "daktari ndo kaandika" siupendi kabisa, bora niseme tu. Daktari kaandika saa tatu asubuhi akimwangalia mgonjwa wa saa tatu asubuhi. Saa nne usiku yule mgonjwa kakojoa mara moja tu tangu mchana, na hilo analijua nani kama sio wewe uliyemwaga chombo? Mofini ya maumivu kwa mgonjwa wa figo ni hivyo hivyo, dozi ya asubuhi ilikuwa sawa kabisa, ila mabaki yake yanajikusanya, usiku unamkuta kalala "usingizi mzuri", mboni za macho zimesinyaa kama vitone, anapumua mara nane kwa dakika. Unampa naloksoni ya kuizima mofini anaamka, unashukuru, alafu inaisha nguvu kabla ya mofini na anarudi kule kule.

Sista alishastaafu. Hiyo tabia ya kiganja nimeirithi mimi, wanafunzi wa fildi wanajua nikipita waishike chati kwa nguvu. Wiki iliyopita binti mmoja mwaka wa pili alikuwa anachanganya seftriaksoni, nikafunika chati nikauliza yangu matatu, akajibu mawili, la tatu akanigeuzia, "sista hii naomba uniambie wewe." Nikasema figo, haraka haraka, maana antibayotiki nyingi ni figo. Akatoa kijitabu chake mfukoni akanionyesha kwa adabu zote, sehemu inatokea kwenye mkojo na sehemu inatokea kwenye nyongo, ndo maana mgonjwa wa figo peke yake mara nyingi hapunguziwi dozi, na ndo maana inaweza kuganda kwenye kifuko cha nyongo ukaona uchafu kwenye altrasaundi. Alafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama dripu iliyokuwa inapita hapo ni ringa lakteti, maana ina kalsiamu na hii dawa haitakiwi kukutana nayo kwenye mpira mmoja.

Ilikuwa ringa. Nikaifunga mwenyewe, nikamwachia achati yeye.