Mshtuko Usio na Mgongano

Juzi, nilipokuwa nikifundisha mawimbi ya mshtuko, nilieleza kwamba ndege inayoipita kasi ya sauti huisukuma hewa hadi molekuli zikagongana na kurundikana, na kwamba jambo la namna hiyo hutokea nyota inapolipuka. Mwanafunzi wa dawati la nyuma akauliza, "Mwalimu, si ulisema huko angani chembe ziko mbalimbali mno? Sasa zinagonganaje?" Nikaahidi kumjibu kipindi kijacho.

Hoja yake ilikuwa ya kweli. Katika masalia ya supanova, yaani nyota iliyolipuka, ya mwaka 1006, ambayo tabibu Ali ibn Ridwan aliiona ujanani mwake huko Misri, mshtuko ungali unakimbia maelfu ya kilomita kwa sekunde, ilhali protoni inaweza kulivuka tabaka lake lote bila kuigonga nyingine. Hata hivyo, katika picha za eksirei ukingo wake ni mwembamba kama uliochorwa kwa kalamu.

Jibu nimelipata katika jaribio ambalo mwanafizikia Frederico Fiuza na wenzake walilichapisha mwaka 2020, walilolifanya katika maabara ya National Ignition Facility huko California, penye miale 192 ya leza. Hawakutengeneza nyota ndogo, ingawa magazeti hupenda kusema hivyo, nami hunikera. Walivipiga kwa leza vipande viwili vya kaboni vilivyotazamana, kaboni ikageuka plazima, yaani gesi ya chembe zenye chaji, na mikondo miwili ya plazima hiyo ikaenda kukutana katikati, yote hayo katika muda unaohesabiwa kwa nanosekunde, yaani sehemu za bilioni za sekunde. Kinacholinganishwa na anga si ukubwa bali uwiano: plazima iwe na kasi ya kutosha na chembe haba ili zipishane bila kugusana.

Zinapopishana, kila chembe yenye chaji ni mkondo wa umeme, na mikondo inayoelekea upande mmoja huvutana, kama waya mbili sambamba za kwenye kitabu chetu. Inajikusanya nyuzinyuzi, kila uzi ukizidisha uga wa sumaku, hadi uga huo unazipinda njia za chembe na kuzikwamisha. Kazi ya mgongano inafanywa na sumaku.

Kilichonikosesha usingizi zaidi ni elektroni. Ili mshtuko uipe nishati kubwa lazima iuvuke huku na huku mara nyingi, lakini kwa kuwa ni nyepesi kuliko protoni mara 1,836 hivi, duara inalozunguka katika uga huo ni dogo kuliko unene wa mshtuko wenyewe, nayo hunaswa kabla ya kuanza. Vipimo vyao, pamoja na uigaji wa kompyuta, vilionyesha kwamba msukosuko uliomo ndani ya mshtuko ndio unaoipa msukumo wa kwanza.

Kesho nitaingia darasani na betri ya gari na vipande viwili vyembamba vya karatasi ya alumini, vining'inie sambamba. Yule wa dawati la nyuma ndiye atakayeshika swichi.