Uso kwenye skrini si idhini ya malipo

Mapema mwaka 2024 polisi wa Hong Kong walitangaza kisa ambacho kila mkuu wa fedha anapaswa kukijua. Mfanyakazi wa idara ya fedha katika ofisi ya huko ya Arup, kampuni ya uhandisi ya Uingereza, alipokea ujumbe uliodai kutoka kwa mkuu wa fedha, ukizungumzia muamala wa siri. Akashuku. Kisha akaalikwa kwenye kikao cha video, akamwona bosi pamoja na wenzake anaowafahamu, na shaka ikamtoka. Watu wote hao walikuwa bandia, wametengenezwa kwa akili mnemba. Alituma fedha mara 15 kwenye akaunti tano za benki: dola milioni 200 za Hong Kong, takriban dola milioni 25 za Marekani.

Wengi wakisikia kisa hiki huuliza angeigunduaje ile video. Ni swali la kupoteza muda. Dalili zinazofundishwa kwenye semina, macho yasiyopepesa, midomo isiyoendana na sauti, huisha kazi kila toleo jipya la programu linapotoka. Hata sisi tuliozoea kumkamata tapeli kwa lugha tumepokonywa kinga hiyo. "Ile hela tuma kwenye namba hii" ilijianika yenyewe. Leo mashine inaandika barua ya ofisini ya Kiswahili safi, na "tafadhali rejea mkataba wetu" ndani yake. Kinachobaki ni kupanga kazi ili sauti, sura na maandishi mazuri visiweze kutoa hata senti.

Anzieni kwenye mabadiliko ya akaunti ya msambazaji, maana ndiko fedha nyingi huibiwa. Barua ikija kusema "tumehamia benki nyingine", mhasibu apige simu kwa namba iliyo kwenye mkataba wa zamani au kwenye daftari la wasambazaji, kamwe asitumie iliyo kwenye barua hiyo. Mtu wa pili aidhinishe kwa kuingia kwenye mfumo kwa jina lake mwenyewe, akiwa na ankara mbele yake. Baada ya hapo akaunti mpya ikae saa 24 kabla ya malipo ya kwanza. Kuchelewa huko kunaudhi, lakini fedha ikishapita kwenye TISS au RTGS, mifumo ya kuhamisha fedha kati ya benki papo hapo, hairudi kwa kuomba radhi. Utaratibu huu hufia sehemu mbili: mwidhinishaji wa pili anayebofya "kubali" akiwa njiani bila kusoma, na mkurugenzi anayezoea kupiga simu kudai haraka. Dawa ya huyu wa pili ni yeye mwenyewe kusaini waraka unaosema kwamba mfanyakazi atakayekataa agizo lake la simu hataadhibiwa. Bila saini hiyo, mhasibu mdogo hatamkatalia bosi, na tapeli analijua hilo.

Sehemu inayosahaulika ni dawati la msaada la TEHAMA. MGM Resorts ya Marekani ilivamiwa Septemba 2023 na kundi linalosifika kwa kupiga simu kwenye madawati ya namna hiyo na kujifanya wafanyakazi. Kampuni ilikadiria hasara ya takriban dola milioni 100. Sasa mpigaji anaweza hata kuazima sauti ya mfanyakazi husika kutoka kwenye video ya mtandaoni. Kwa hiyo kuuliza tarehe ya kuzaliwa hakutoshi. Dawati likate simu, limpigie mhusika kwa namba iliyoko kwa watu wa rasilimali watu, na meneja wake athibitishe. Namba ikiwa imebadilishwa siku chache zilizopita, zoezi lisimame, kwani laini huenda imeporwa. Kwa wasimamizi wa mifumo, nenosiri lirejeshwe ana kwa ana tu, na kitambulisho mkononi.

Kwenye kuingia mifumoni, namba ya siri ya mara moja inayotumwa kwa SMS ni bora kuliko nenosiri peke yake, lakini tovuti ya kitapeli inayokaa katikati ya mtumiaji na tovuti halisi huichukua na kuitumia papo hapo. Ufunguo wa FIDO2, yaani wa kielektroniki wa kuthibitisha mtumiaji, wa kuchomeka kwenye USB au uliojengwa ndani ya simu, umefungwa kwenye anwani halisi ya tovuti. Kwenye anwani ya uongo haujibu. Wapeni kwanza watu wa fedha na wasimamizi, funguo mbili kwa kila mmoja, ya pili ikae kwenye kasha. Kosa la kawaida ni kuacha SMS kama njia mbadala: mvamizi atachagua huo mlango dhaifu. Na ujue kwamba programu hasidi inayoiba kikao kilichokwisha kufunguliwa (hali ya kuwa umeshaingia kwenye mfumo) haihitaji ufunguo wowote. Akaunti ikivamiwa, kubadilisha nenosiri pekee hakusaidii. Futa vikao vyote, kisha kagua kanuni za kupeleka barua pepe nje. Mara nyingi huko ndiko mvamizi hubaki amejificha.

Kuhusu barua pepe nitasema kwa kifupi. Weka DMARC, kanuni inayoziambia seva za nje zifanye nini na barua zinazodai kutoka kwenu, kwa p=none (tazama tu, usizuie) na anwani ya rua ya kupokelea ripoti, soma ripoti kwa wiki nne hivi, utagundua mfumo wa mishahara na wa ankara unaotuma kwa jina lenu bila DKIM, yaani saini ya kidijitali ya barua. Rekebisha, nenda quarantine (barua ya mashaka iwekwe kando), kisha reject (ikataliwe). SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu, inakubali utafutaji 10 tu wa DNS, daftari la anwani za mtandao. Ukizidisha inavunjika, na barua halali zinaweza kukataliwa. Haya yote hayazuii kikoa kinachofanana na chenu kwa herufi moja, wala akaunti halisi ya msambazaji iliyodukuliwa, ndiyo maana nimeanza na simu.

Halafu kuna akili mnemba mnayoiingiza wenyewe ofisini. Mwaka 2025 watafiti walionyesha udhaifu ulioitwa EchoLeak, wenye namba ya usajili CVE-2025-32711, katika Microsoft 365 Copilot, msaidizi wa akili mnemba wa kazi za ofisini: barua pepe moja yenye maagizo yaliyofichwa ingeweza kumfanya msaidizi huyo avujishe data za ndani bila mtumiaji kubofya chochote. Microsoft waliuziba, lakini chanzo chake hakijaisha: mashine hizi hazitenganishi vizuri maandishi ya kusoma na amri ya kutekeleza. Kabla ya kuwasha msaidizi, safisha ruhusa za mafaili, maana ataona kila anachoruhusiwa mtumiaji kuona, ikiwemo ile folda ya mishahara iliyoachwa wazi kwa "wote". Msaidizi anayesoma barua kutoka nje asipewe uwezo wa kutuma nje au kulipa bila binadamu kubonyeza. Hifadhi kumbukumbu za alichosoma na alichotenda, kwenye seva ambayo yeye mwenyewe hana ruhusa ya kuifuta.